Shimo la Mwisho la Gofu: Maswali Wanayouliza Mara kwa Mara Wapenzi wa Mchezo Tanga

Majibu haya ni kwa watu wa Tanga wanaocheza gofu wakipata nafasi, na kwa wale wengi zaidi wanaoutazama mchezo kwenye televisheni. Kila Julai, mashindano ya The Open ya Uingereza yanapofika siku ya mwisho, wanaoongoza hufika shimo la 18 kama saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu, na maswali huanza hapo hapo.

Kwanza tuelewane maneno. "Shimo" hapa ni safari nzima, kutoka tii anapoanzia mchezaji hadi grini, pale penye majani mafupi na bendera. Tundu lenyewe tutaliita kikombe. Banka ni bwawa la mchanga. Na tukisema shimo la mikwaju minne, ni lile ambalo mchezaji hodari anatarajiwa kulimaliza kwa mikwaju minne.

Kwa nini shimo la mwisho lizungumzwe peke yake? Mkwaju si mkwaju tu?

Kwenye kadi, ndiyo. Mkwaju uliopotea shimo la 3 una uzito uleule wa mkwaju uliopotea shimo la 18. Ila ukiharibu la 3 una mashimo 15 ya kujitengeneza, ukiharibu la 18 unakwenda kuvua viatu.

Mtu aliyekaa jukwaani Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira wa miguu, hatakosa kulielewa hili. Timu ikiongoza 4-0 dakika ya 80, watu wanaanza kutafuta bodaboda. Ikiwa 1-0, hakuna anayeinuka. Kazi ya shimo la mwisho ni kuhakikisha hakuna anayeinuka, hata kama mmoja amekuja akiongoza.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, na majibu mengi hapa chini yanatoka humo: aliye nyuma awe na nafasi ya kweli ya kulimaliza kwa mikwaju mitatu, na aliye mbele awe na nafasi ya kweli ya kulimaliza kwa sita. Likikosa moja kati ya hayo, linaweza kuwa zuri kwa picha, lakini si zuri kwa kumalizia.

Basi lazima liwe gumu kuliko yote?

Hapana, na hapa ndipo wachoraji wengi wa viwanja huteleza. Wanachukua shimo refu kabisa, wanaweka maji kushoto na mabanka kulia, kisha wanasema huo ndio mwisho wa kishujaa. Matokeo yake kila mtu anacheza kwa woga, kila mtu anatoka na tano, na msimamo unabaki vile vile ulivyokuwa shimo la 17.

Tazama Old Course ya St Andrews, Uskoti. Shimo lake la 18 lina yadi 357 tu, karibu mita 326. Njia yake ni pana ajabu, kwa sababu imeungana na ya shimo la 1. Halina banka hata moja. Barabara ya mji inakatiza katikati yake, na upande wa kulia kuna uzio na nyumba za watu. Mtoto wa sekondari mwenye mkono mzuri anaweza kulimaliza kwa minne. Lakini mbele ya grini, upande wa kushoto, kuna bonde dogo linaloitwa Valley of Sin, na mpira mfupi unateleza na kurudi humo. Mwaka 1995, kwenye The Open, Mwitaliano Costantino Rocca alikuwa bondeni humo, akihitaji kuingiza ili kumfikia John Daly. Akausukuma mpira kutoka mbali, ukapanda, ukaingia. (Daly alishinda baadaye kwenye mashimo ya nyongeza, lakini waliouona mkwaju ule wanaukumbuka kuliko kombe.)

Mwaka 1970, kwenye grini hiyo hiyo, Doug Sanders alibakiza mkwaju wa hatua moja tu ili awe bingwa. Akaukosa. Kesho yake Jack Nicklaus akamshinda kwenye marudiano. Shimo moja jepesi, lisilo na banka, limempa mmoja zawadi na kumnyang'anya mwingine.

Na yule Mfaransa aliyevua viatu akaingia kijitoni? Hilo si shimo la kikatili?

Huyo ni Jean van de Velde, kwenye The Open ya Carnoustie, Uskoti, 1999. Alifika shimo la 18 akiongoza kwa mikwaju mitatu. Hata sita zingemtosha. Kijito cha Barry Burn kinakatiza shimo lile, na kinapita tena mbele ya grini. Mkwaju wa kwanza alitumia draiva, fimbo ndefu kuliko zote, mpira ukaenda kulia kabisa. Wa pili akaulenga grini moja kwa moja, ukagonga jukwaa la watazamaji na kurudi nyuma kwenye majani marefu. Wa tatu ukatumbukia kijitoni. Akaingia majini, suruali imekunjwa, akautazama mpira, mwisho akakubali adhabu. Alimaliza kwa saba, na katika mashimo ya nyongeza Paul Lawrie akachukua kombe.

Ni shimo gumu sana, lakini halikumlazimisha kitu. Baada ya ule mkwaju wa kwanza, angeweza kuusogeza mpira kwa fimbo fupi, akabaki upande huu wa kijito, kisha akavuka kwa utulivu. Njia ya salama ilikuwepo na ilionekana. Hapo ndipo ninapolitofautisha shimo gumu na shimo la kuonea watu: kwenye shimo gumu ulipewa uamuzi, ukauamua wewe.

Lipi bora kumalizia: la mikwaju mitatu, minne au mitano?

La minne ndilo la kawaida duniani kote, na sina ugomvi nalo. Kuna mkwaju wa kwanza wa kuamua, wa pili wa kuonesha ufundi, halafu grini.

La mitano ndilo ninalolipenda mimi, likichorwa vizuri. Lile la Pebble Beach, California, ni la namna hiyo: yadi 543 likizunguka ukingo wa bahari upande wa kushoto mwanzo hadi mwisho. Lilianza likiwa fupi, kiwanja kilipofunguliwa mwaka 1919, na miaka michache baadaye likarefushwa kuwa la mitano. Aliye nyuma akitaka kufika grini kwa miwili, lazima acheze karibu na mawe ya bahari. Aliye mbele anakaa kulia na kuomba Mungu.

La mitatu lina kasoro moja kubwa: uamuzi ni mmoja na unaisha kwa dakika moja. Mashindano makubwa ya Marekani, US Open, yalimalizikia shimo la aina hiyo huko Congressional mwaka 1997, na watu walilalamika wiki nzima. Mimi nisingelikataa kabisa kwenye kiwanja kidogo chenye ardhi finyu.

Lazima kuwe na maji?

Si lazima; kule St Andrews kilichoamua ni bonde, si maji. Maji yana faida kwamba hayabishaniwi, mpira ukizama umezama. TPC Sawgrass kule Florida, kiwanja cha mchoraji Pete Dye, shimo la 18 lina ziwa upande wote wa kushoto. Mwaka 1982 bingwa Jerry Pate alimsukumia Dye ziwani pamoja na mkuu wa mashindano, kisha akajirusha na yeye.

Sisi wa pwani tuna maji ya namna nyingine, yanayokuja na kuondoka. Katika sheria za gofu, bahari huwekwa kama eneo la adhabu, lenye alama nyekundu au njano. Mpira ukiingia humo unaweza kuuacha na kuongeza mkwaju mmoja wa adhabu, au ukaupiga hapo hapo ulipo bila adhabu, kama unaufikia. Sasa fikiria maji ya bamvu hapa Tanga, yanavyojaa hadi kwenye mawe kisha yanavyokupwa na kuacha mchanga mtupu. Mpira uleule, pigo lile lile: saa nne asubuhi umekaa juu ya mchanga mgumu unakusubiri, saa kumi jioni umepotea. Shimo la aina hiyo mchezaji analichezea na jedwali la maji mfukoni, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Sahare hatalishangaa.

Upepo wetu unaharibu shimo la mwisho au unalisaidia?

Unalisaidia, mchoraji akiwa na akili. Pwani yetu ina misimu miwili inayojulikana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati kuna miezi ya matlai, na asubuhi mapema kuna umande, yaani upepo wa kutoka bara.

Hii maana yake ni kwamba shimo lililolala kaskazini-kusini litakuwa mawili ndani ya mwaka mmoja. Wakati wa kusi, ukicheza kuelekea kaskazini, upepo uko mgongoni na la mikwaju minne linafikika kwa fimbo fupi. Wakati wa kaskazi upepo uko usoni, na shimo hilo hilo linataka mikono ya mtu mzima. Tena upepo wa usoni hunyang'anya umbali zaidi kuliko ule wa mgongoni unavyoongeza, kwa hiyo tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kosa ni kulifanya shimo refu mno kwa hesabu ya miezi ya kusi. Januari likija, mzee wa miaka 60 hawezi kufika grini hata kwa mitatu, na ule mlango wa aliye nyuma unakuwa umefungwa kwa miezi minne.

Kuna anayejali jua?

Anayecheza saa kumi na mbili kasorobo jioni anajali sana. Kanuni ya zamani ya wachoraji ni kwamba shimo la kwanza lisielekee mashariki na la mwisho lisielekee magharibi, maana asubuhi na jioni mchezaji atapiga mpira asiouona. Huko Uskoti jua la kiangazi linachelewa na kuzama mbali upande wa kaskazini, kwa hiyo wana nafasi ya kucheza na pembe. Hapa tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta. Jua letu linazama karibu na magharibi kamili mwaka mzima, na linashuka haraka.

Bahati yetu ni kwamba bahari ya Tanga iko mashariki. Shimo la mwisho linaloelekea baharini linakuwa na jua mgongoni jioni, bendera inawaka, na waliokaa barazani wanaona kila kitu. Unguja ni kinyume: pale Mangapwani, kwenye pwani ya magharibi, Sea Cliff wana kiwanja cha mashimo tisa, na anayetazama bahari jioni anatazama jua.

Grini ya mwisho iweje?

Kubwa kidogo kuliko nyingine, kwa sababu watu wengi huizunguka na bendera inahitaji kuhamishwa pembe tofauti siku za mashindano. Iwe na sehemu moja rahisi na moja ya hatari. Iwe na mwinuko unaoonekana, maana mpira unaoteleza kwa siri huwachekesha watazamaji na kumdhalilisha mchezaji bure. Na ionekane kutoka barazani. Hili wengine wanaliona dogo, mimi naliona nusu ya kazi. Mtu anayekunywa chai baada ya mchezo wake ndiye shahidi wa mchezo wa mwenzake.

Ile ya Augusta, Marekani, iko juu ya kilima, mwisho wa shimo la yadi 465 linalopanda njia nzima, na watu huizunguka pande zote. Mwaka 1988 Sandy Lyle aliangukia kwenye banka la njiani, akatoa mpira kwa fimbo ya chuma namba saba ukatua nyuma ya bendera na kurudi chini taratibu, akamaliza kwa mitatu na kutwaa ubingwa wa Masters, mashindano makubwa ya pale. Kama angemaliza kwa minne wangekwenda mashimo ya nyongeza.

Nyasi gani zinafaa?

Ukoka, huu huu unaoota kandokando ya barabara zetu. Ndiyo nyasi ya viwanja vingi vya nchi za joto, ingawa kwenye gofu hutumika aina zilizochaguliwa. Ukingoni mwa bahari, ambako chumvi inarushwa na upepo, paspalamu huvumilia zaidi. Zamani viwanja vingi vya Afrika vilikuwa na "brauni" badala ya grini: mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa. Bado unaweza kumalizia mchezo mzuri juu yake.

Kiwanja cha mashimo tisa kinaweza kuwa na shimo la mwisho la maana?

Kinaweza, ila lina kazi mbili. Utalicheza kama la 9, kisha utalirudia kama la 18. Dawa ni kuweka tii mbili tofauti: raundi ya kwanza unaanzia mbali na kushoto, raundi ya pili karibu na kulia, au kinyume chake. Mombasa Golf Club ina mashimo tisa juu ya bahari, na hakuna anayekwenda pale akarudi akisema amecheza nusu ya mchezo.

Kwa nini 18 lakini?

Kwa sababu ya St Andrews. Mwaka 1764 walikuwa wakicheza mashimo 22, wakaunganisha manne ya mwanzo kuwa mawili. Kwa kuwa mashimo yaleyale yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikashuka hadi 18. Wengine wakaiga.

Kuna viwanja maarufu vyenye mwisho mbovu?

Cypress Point, jirani wa Pebble Beach, ndio mfano unaotajwa sana. Mashimo yake ya 15, 16 na 17 yako kwenye miamba ya bahari ya Pasifiki na wajuzi wanayaweka kati ya bora duniani. La 18 linageuka kuingia bara, fupi, limebanwa na miti. Watu wanalisahau kabla ya kufika kwenye gari. Lakini kiwanja hakijapungukiwa heshima, na hilo linatufundisha tusilitukuze shimo moja kupita kiasi.

Kwenye mchezo wa shimo kwa shimo, ambapo huhesabiwa mashimo uliyoshinda badala ya mikwaju, si mara nyingi hamfiki hata la 18?

Kweli. Ukiongoza kwa mashimo matatu na yamebaki mawili, mmeagana. Ndiyo maana la 18 likifikiwa katika mchezo wa namna hiyo, hali huwa nzito. Mwaka 1969, Royal Birkdale, mashindano ya Ryder Cup kati ya Marekani na Uingereza yalifika grini ya mwisho ya mchezo wa mwisho yakiwa sawa. Nicklaus aliingiza wake, kisha akaiokota alama ya mpira wa mpinzani wake Tony Jacklin, uliobakia umbali mfupi, akamwachia bila kumlazimisha apige. Yakaisha 16 kwa 16. Wenzake wengine wa timu hawakufurahi.

Kaka, ukipewa ardhi hapa Tanga, ungelichora vipi?

Hili nimeulizwa sana, na nalijibu kwa furaha kwa sababu hakuna anayenipa ardhi.

Ningekwenda kusini ya mji, upande wa Mwambani, pwani inapotazama mashariki. Ningekaa mbali na mikoko, ambayo imehifadhiwa kisheria, na mbali na magofu ya Tongoni. Shamba la zamani la mkonge lingefaa: ardhi tambarare, hakuna msitu wa kukata. Vipingo Ridge, kule Kilifi, walifanya hivyo hivyo kwenye shamba la mkonge.

Tii ningeiweka bara, mchezaji akitazama mashariki, bahari mbele yake. Shimo linakwenda hivyo kama yadi 230, kisha linakata kushoto, kuelekea kaskazini, likifuata ukingo wa mawe ya matumbawe hadi grini. Jumla yadi 400. Kwenye kona, upande wa kushoto, ningeuacha mbuyu.

Sasa anza kucheza. Ukipiga mkwaju wa kwanza kwa woga, ukabaki nyuma na kushoto, mbuyu unakuzibia grini. Ukithubutu kuusogelea ukingo, unaiona bendera yote wazi. Wakati wa kusi upepo unausukuma mpira wako kushoto, kwenye mbuyu, lakini ukifika kona unakupa mgongo. Wakati wa kaskazi ni kinyume: mkwaju wa kwanza unavutwa kulia, mbali na mbuyu, na wa pili unaupiga upepo ukiwa usoni. Jua la jioni liko nyuma yako mwanzo, kushoto kwako mwisho. Ningeweka tii nne, ya mbele kabisa iwe karibu kiasi kwamba binti anayejifunza na bibi yake wote waukute mbuyu ule ule na swali lile lile.

Mabanka? Moja, nyuma ya grini. Maji tumepewa tayari.

Kwa sasa niende wapi kuona mashimo mazuri bila kupanda ndege?

Ukivuka Horohoro, Diani kuna kiwanja cha Leisure Lodge chenye mashimo 18. Mbele zaidi kuna Mombasa, Nyali, na Vipingo, ambako uwanja wa Baobab ulichorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini. Ukielekea upande mwingine, Dar es Salaam kuna Gymkhana na Lugalo, na Arusha kuna Kili Golf. Muthaiga ya Nairobi ni mbali, lakini ndipo Seve Ballesteros aliposhinda Kenya Open mwaka 1978, miaka sita kabla ya kuingiza mkwaju wake maarufu kwenye grini ya 18 ya St Andrews.

Mpira wa mwisho ukishaingia kikombeni, mchezo umekwisha?

Umekwisha ukishasaini kadi. Mwaka 1968, Augusta, Roberto De Vicenzo wa Argentina alimaliza shimo la 18 kwa mikwaju mitano, mmoja zaidi ya kiwango, akaenda mezani akiwa amejikasirikia. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia alikuwa ameweka nne kwenye shimo la 17, ilhali dunia nzima ilimwona akilimaliza kwa tatu. De Vicenzo akasaini bila kukagua. Sheria inasema ukisaini namba kubwa kuliko uliyopata, hiyo kubwa ndiyo yako. Jumla yake ikawa 66 badala ya 65, na kwa mkwaju huo mmoja Bob Goalby akawa bingwa.